Paa la Wengi, Hasara ya Nani? Bima ya Maeneo ya Pamoja ya Nyumba za Likizo kwa Mtazamo wa Kihanga, Karagwe

Ikisiri

Makala hii inajadili bima ya maeneo ya pamoja katika majengo ya fleti za likizo, hasa yale ambayo wamiliki wake huishi nchi nyingine. Hoja kuu ni kwamba mkataba wa bima hauwezi kulinda mali ya pamoja pale ambapo wamiliki hawajawa jumuiya yenye kanuni, michango na kumbukumbu. Jumuiya nayo, hata iwe imara vipi, haiwezi kubeba peke yake janga linalowapiga wanachama wote kwa siku moja. Ushahidi unatoka kwenye vyama vya kuzikana vya Kagera, tetemeko la mwaka 2016, sheria za umiliki wa sehemu za majengo za Afrika Mashariki, na mifano ya Florida, Hispania na Uturuki. Makala inahitimisha kwa mapendekezo manne kwa watunga sheria, kampuni za bima na wanunuzi.

Utangulizi

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, alasiri, tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 5.9 liliupiga Mkoa wa Kagera. Watu 17 walifariki, mamia walijeruhiwa, na maelfu ya nyumba zilibomoka au kupasuka kiasi cha kutokalika. Bukoba na Missenyi ndizo zilizoumia zaidi, lakini Karagwe na Kyerwa nazo hazikusalimika. Katika miezi iliyofuata Serikali ilieleza bayana kwamba fedha za maafa zingeelekezwa kwenye miundombinu ya umma. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato, Bukoba, zilijengwa upya. Nyumba ya mtu binafsi ilibaki kuwa mzigo wa mwenyewe, wa ndugu zake na wa majirani zake.

Mgawanyo huo una mantiki yake: cha umma hutengenezwa na umma, na cha mtu hutengenezwa na mwenyewe. Lakini iko mali iliyo katikati, isiyo ya umma wala ya mtu mmoja. Ngazi za jengo lenye fleti 40, paa lake, msingi wake, lifti, tangi la maji, pampu, jenereta, ukuta wa uzio na bwawa la kuogelea havimo katika bajeti ya Serikali, na hakuna mmiliki mmoja anayeweza kusema kuwa ni vyake. Vikiharibika, kila mmoja humsubiri mwenzake aanze. Jengo likiwa la likizo, na wenyewe wako mbali kwa miezi kumi ya mwaka, kusubiriana huko hugeuka kuwa hali ya kudumu.

Nalitazama suala hili kutoka Kihanga kwa sababu mbili. Kwanza, kata hii ya Wilaya ya Karagwe, nchi ya migomba na kahawa, iko katika mkoa ambao watu wake wana desturi ndefu ya kubeba hasara kwa pamoja, na desturi hiyo imechunguzwa na wanauchumi kwa kina. Pili, watoto wa Karagwe wanaofanya kazi Dar es Salaam, Kampala, Kigali, Muscat au London ni miongoni mwa wale ambao soko la fleti za likizo za Zanzibar na Mombasa linawalenga. Anayetia saini mkataba wa fleti ya namna hiyo anajiunga na umoja ambao hajawahi kukutana na wanachama wake. Nitakachotetea ni kwamba umoja hutangulia, bima hufuata, na kimoja bila kingine hakitoshi.

Mali isiyogawanyika

Ndani ya miaka ishirini nchi za ukanda huu zimetunga sheria zinazofanana. Uganda ilipitisha sheria ya kondominiamu mwaka 2001. Tanzania Bara ilitunga Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo, Na. 16 ya mwaka 2008. Zanzibar na Rwanda zilifuata mwaka 2010. Kenya, iliyokuwa na sheria ya aina hiyo tangu 1987, iliiandika upya mwaka 2020. Muundo wa sheria hizi kwa jumla ni mmoja. Mnunuzi hupata hati ya sehemu yake, yaani fleti, na pamoja nayo fungu lisilogawanyika katika maeneo ya pamoja. Fungu hilo haliuzwi peke yake. Huifuata fleti kokote iendako. Kwa kule kununua tu, wamiliki wote huwa wanachama wa chama cha wamiliki, chombo chenye uwezo wa kushtaki na kushtakiwa, na ndicho kinachokabidhiwa jukumu la kutunza mali ya pamoja.

Muundo huu una matokeo matatu makubwa kwa bima. La kwanza linahusu nani anaweza kukata bima. Anayekinga kitu kwa bima lazima awe mtu atakayepata hasara kitu hicho kikiharibika. Mmiliki wa fleti moja anayo hasara hiyo, lakini kwa kiasi cha fungu lake tu. Hawezi kukata bima ya paa zima kwa jina lake na kutarajia kulipwa paa zima. Chama cha wamiliki pekee ndicho kinachoweza kufanya hivyo kwa niaba ya wote, na jina lake ndilo linalopaswa kuandikwa kwenye hati ya bima.

La pili linahusu imani potofu iliyoenea kwamba mwenye bima ya fleti ameshajikinga. Bima ya fleti namba 12 hulipia samani, makabati na rangi ya fleti namba 12. Nguzo inayoishikilia fleti hiyo, bomba kuu lipitalo ukutani mwake na ngazi anazopandia mwenyewe havimo ndani yake. Fleti inaweza kubaki nzima huku jengo limetangazwa kuwa hatari na kufungwa, na mmiliki akajikuta ana vyumba vizuri asivyoruhusiwa kuviingia.

La tatu ni kuenea kwa madhara. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Katika jengo la pamoja, wa kwao ni wote wanaokaa chini ya paa moja. Jiko la gesi lililosahaulika kwenye ghorofa ya pili huunguza lifti ya wote, na bomba lililopasuka kwenye ghorofa ya tano hulowesha fleti nne zilizo chini yake. Kwa hiyo kila mmiliki ana haja halali ya kujua kama mwenzake amelipa mchango wake wa bima. Hilo si kuingilia mambo ya watu.

Upo pia mwanya ambao wanunuzi wengi hawauoni. Wakati wa ujenzi, mwendelezaji milki hukata bima ya kazi za ujenzi, ambayo hukoma jengo linapokabidhiwa. Chama cha wamiliki kinaweza kuchelewa kufanya mkutano wake wa kwanza, hasa wanachama wakiwa Ulaya, Ghuba na Marekani. Kati ya makabidhiano na mkutano huo jengo linaweza kukaa bila kinga yoyote, ingawa kila mnunuzi anaamini kuna mtu aliyelishughulikia.

Kinga tatu zinazochanganywa

Watu wanapotaja bima ya maeneo ya pamoja, mara nyingi huwa na bima ya moto akilini. Kwa kweli zipo kinga tatu tofauti, na kukosekana kwa moja hakufidiwi na kuwapo kwa nyingine.

Ya kwanza ni bima ya jengo lenyewe. Kiwango chake hupimwa kwa gharama ya kujenga upya, pamoja na kuondoa kifusi na kuwalipa wahandisi. Bei ya sokoni si kipimo. Hapa ndipo vyama vingi hujiumiza kwa kutaka ada ndogo. Tuchukue mfano wa kukadiria. Jengo linahitaji shilingi bilioni 4 kujengwa upya, lakini chama kimelikatia bima kwa bilioni 2.4, sawa na asilimia 60. Moto unaunguza paa na ngazi, hasara ya milioni 500. Chini ya kanuni ya uwiano iliyomo katika mikataba mingi ya mali, kampuni ya bima italipa asilimia 60 ya hasara, yaani milioni 300, ingawa kiwango kilichokatiwa bima ni kikubwa kuliko hasara yenyewe. Milioni 200 zilizobaki, zikigawanywa sawa kwa fleti 40, ni milioni 5 kwa kila mmiliki. Kilichookolewa kwenye ada kinarudi kudaiwa siku watu wasipokuwa nacho.

Ya pili ni bima ya dhima kwa watu wengine. Zanzibar inatoa mfano unaofundisha. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, mgeni anayeingia visiwani hulazimika kuwa na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar kwa dola 44 za Marekani. Bima hiyo humfuata mgeni kwa ajili ya matibabu, mizigo na dharura za safari yake. Haimkingi mwenye jengo. Mgeni akiteleza kwenye ngazi zisizo na taa, au mtoto akizama kwenye bwawa lisilo na uzio, matibabu yanaweza kulipwa, lakini swali la nani alizembea hubaki palepale, na anayeshtakiwa ni chama cha wamiliki. Bila bima ya dhima, hukumu itakayotolewa dhidi ya chama hatimaye itatafuta mifuko ya wanachama. Nchi imeshaona umuhimu wa kumkinga mgeni. Bado haijaweka msisitizo huohuo kwenye sakafu anayoikanyaga.

Ya tatu ni kinga ya wafanyakazi. Walinzi, wafagizi, watunza bustani na fundi wa pampu wakiajiriwa na chama, chama hicho ni mwajiri kama waajiri wengine. Tanzania Bara, mwajiri huchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, na mchango huo haukatwi kwenye mshahara wa mfanyakazi. Wamiliki walio mbali huona mlinzi kama sehemu ya mandhari ya jengo. Siku akianguka kutoka kwenye ngazi akibadilisha balbu, ndipo hujua kwamba wao ni waajiri wake.

Kutokuwepo kwa mwenyewe

Jengo la likizo lina hatari zake, na chanzo cha nyingi kati ya hizo ni kwamba mwenyewe hayupo. Mikataba mingi ya bima hupunguza au kuondoa kinga ya wizi na ya uharibifu wa maji jengo linapokaa tupu kwa muda uliotajwa, mara nyingi siku 30. Kwa nyumba ya familia sharti hilo halina uzito. Kwa fleti za ufukweni zinazojaa Julai, Agosti na Desemba kisha kufungwa, ndilo sharti la kwanza la kusomwa. Chama kinapaswa kulijadili na kampuni ya bima kabla ya kutia saini, kwa mfano kwa kuonyesha kuwa mlinzi yupo saa zote na kwamba kila fleti hukaguliwa kila wiki.

Hatari nyingine ni mabadiliko ya matumizi. Mmiliki hununua fleti kwa ajili ya familia yake, kisha huanza kuipangisha kwa wageni wa siku mbili tatu kupitia mtandao. Bima husimama juu ya nia njema, na anayekata bima huwajibika kueleza kila jambo linaloweza kubadilisha uamuzi wa kampuni. Jengo lililoelezwa kuwa makazi, ambalo kwa kweli linafanya kazi ya hoteli, linaweza kunyimwa fidia hata kama moto haukuwa na uhusiano wowote na wageni hao. Wamiliki wawili walionyamaza wanaweza kuwavunjia kinga wenzao 38.

Kuna pia utata wa sheria. Soko la Kariakoo liliungua tarehe 10 Julai 2021. Mwaka uliofuata, Sheria ya Fedha ya 2022 iliongeza katika Sheria ya Bima ulazima wa kukatia bima masoko ya umma, majengo ya biashara, bidhaa zinazoagizwa kutoka nje na vyombo vya majini. Jengo la fleti ambamo nusu ya wamiliki huishi na nusu hupangisha wageni linaangukia wapi? Wamiliki wataliita makazi ada inapodaiwa, na hakuna atakayelitaja kuwa la biashara hadi siku ya kudai fidia.

Mwisho ni tatizo la mmiliki wa ng'ambo anayeamini kwamba kampuni ya bima ya kwao italikinga jengo lake la Paje, Zanzibar. Sheria ya Bima Na. 10 ya mwaka 2009 inataka hatari zilizopo nchini zikatiwe bima kwa kampuni zilizosajiliwa nchini, isipokuwa kwa kibali cha msimamizi wa sekta. Mmiliki aliyenunua hati London kwa mali iliyopo Unguja anaweza kuwa amelipia karatasi isiyotambulika mahali mali ilipo. Uwezo wa kimataifa anaoutamani upo, lakini njia yake halali ni kampuni za ndani kuzihamishia kampuni kubwa sehemu ya hatari kwa utaratibu wa bima mtawanyo.

Funzo la vyama vya kuzikana

Kabla kampuni yoyote ya bima haijafungua ofisi Karagwe, watu wa Kagera walikuwa na utaratibu wao wa vyama vya kuzikana. Wahaya huviita vyama hivyo bujuni, na mfumo wa kuzikana uko kote mkoani, Karagwe ikiwemo. Joachim De Weerdt na Stefan Dercon walikichunguza kijiji cha Nyakatoke, Bukoba Vijijini, mwaka 2000, kaya zote 119 bila kuacha hata moja, wakiuliza nani humsaidia nani na kwa njia gani. Katika makala iliyotoka mwaka 2006, wakishirikiana na Tessa Bold na Alula Pankhurst, Dercon na De Weerdt walilinganisha vyama vya maziko vya Tanzania na vya Ethiopia. Walionyesha kwamba vyama hivyo haviendeshwi kwa huruma ya papo hapo. Vina uanachama unaojulikana, kanuni, viwango vya michango na adhabu kwa anayekiuka.

Jambo hili lina uzito kwa hoja yetu, kwa sababu wengi huusifu utamaduni wa kusaidiana kana kwamba ni wema mtupu. Kinachomfanya mtu wa Kihanga awe na hakika kwamba marehemu wake atazikwa kwa heshima ni utaratibu. Wajibu umewekwa kabla ya msiba. Kila mmoja anajua anachopaswa kuleta, iwe fedha, chakula au nguvu zake. Anayekosa bila sababu hutozwa faini. Asiyechangia wenzake hajui kama watamchangia. Hakuna anayeanza kujadili kiwango cha mchango huku marehemu yuko ndani.

Tulinganishe na chama cha wamiliki wa jengo la likizo. Kisheria kinafanana sana na chama cha kuzikana: uanachama wa lazima, michango kwa uwiano, mkutano mkuu, viongozi wa kuchaguliwa. Kinachokosekana ni kufahamiana na kuonana. Mwenye fleti aliye Berlin hamwonei aibu mwenye fleti aliye Muscat, kwani hawatakutana sokoni wala msibani. Kile ambacho Kihanga kinasimamiwa na macho ya majirani, huku lazima kisimamiwe na maandishi: katiba ya chama, tarehe ya mwisho ya malipo, riba kwa anayechelewa, orodha ya wadaiwa inayotumwa kwa wanachama wote, na haki ya kumzuia mdaiwa asiuze fleti mpaka alipe. Kanuni ya bila ada hakuna bima, inayosisitizwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, inalifanya jambo hili kuwa la lazima. Mdaiwa mmoja mkubwa anaweza kuchelewesha ada ya jengo zima, na ada ikichelewa jengo halina kinga.

Mpaka wa umoja

Hata hivyo, utaratibu wa kuzikana una mpaka, na tetemeko la 2016 liliuonyesha. Chama cha kuzikana hufanya kazi kwa sababu misiba haiji nyumba zote kwa siku moja. Leo kwangu, mwakani kwako. Walio salama huwabeba walioumia. Ardhi ilipotikisika, aliyepaswa kuchangia alikuwa naye amesimama nje ya nyumba iliyopasuka. Mnyauko wa migomba au kushuka kwa bei ya kahawa huwa na tabia hiyohiyo: huwafikia wote kwa pamoja, na mfuko wa kijiji hukauka upande wa wachangiaji wakati uleule mahitaji yanapopanda.

Jengo la pamoja liko katika hali hiyo kwa maumbile yake. Wamiliki 40 wa jengo moja hawawezi kutawanya hatari ya msingi wao wenyewe kwa wenyewe, kwa kuwa msingi ni mmoja. Ukibomoka, wote wameumia. Mfuko wao wa akiba unaweza kununua pampu, kupaka rangi na kuziba nyufa, lakini hauwezi kujenga jengo upya. Hatari hiyo ni lazima itoke nje ya uzio, iende kwa watu ambao hawakai juu ya msingi uleule. Kazi hiyo ndiyo bima inayoweza kuifanya, na bima mtawanyo huipeleka mbali zaidi, nje ya mkoa na nje ya nchi. Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba Waafrika wana njia zao za kusaidiana na hawahitaji bima. Sikubaliani pia na mawakala wanaouza hati kwa vyama visivyo na daftari la wanachama. Upande mmoja unasahau mpaka wa umoja, na mwingine unasahau msingi wake.

Ushahidi kutoka mbali

Tarehe 24 Juni 2021 usiku, sehemu kubwa ya jengo la Champlain Towers South, katika mji wa Surfside, Florida, liliporomoka na kuua watu 98. Lilikuwa jengo la ufukweni lenye fleti 136, na baadhi ya wamiliki walitoka Amerika ya Kusini. Mwaka 2018 mhandisi alikuwa ameonya kuhusu kuharibika kwa kizuizi cha maji chini ya sakafu ya eneo la bwawa, na ushahidi wa wachunguzi unaonyesha kuwa eneo hilo lilianguka kabla ya mnara wenyewe. Wamiliki walibishana kwa miaka. Aprili 2021 waliidhinisha mchango wa dola milioni 15, na miezi miwili baadaye jengo halikuwepo. Bima zote za chama chao, ya jengo na ya dhima, zilifikia takriban dola milioni 48. Fidia iliyokubaliwa mahakamani mwaka 2022 ilizidi dola bilioni moja, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilibidi itoke kwa kampuni nyingine zilizoshtakiwa na kwa bima zao.

Champlain Towers ilikuwa na bima. Ilichokosa ni umoja wenye uwezo wa kuamua kwa wakati. Bima hulipa hasara ya ghafla isiyotarajiwa, na kwa kawaida haiwajibiki kwa kuoza, kutu na uchakavu. Chama kisichokarabati hujiondolea chenyewe haki ya kulipwa.

Hispania, ambako Waingereza na Wajerumani wengi wana fleti za likizo, imeuona uhusiano huu na kuuandika. Sheria yake ya majengo ya pamoja, iliyoanza mwaka 1960, inavitaka vyama vya wamiliki viwe na mfuko wa akiba usiopungua asilimia 10 ya bajeti ya mwaka, na inaruhusu mfuko huo utumike kulipia bima ya jengo. Ukarabati na bima vinakaa katika sanduku moja. Kwa majanga makubwa, kila hati ya bima ya mali hutozwa nyongeza ndogo inayokwenda kwenye chombo cha umma, Consorcio de Compensación de Seguros. Mji wa Lorca ulipopigwa na tetemeko tarehe 11 Mei 2011, chombo hicho ndicho kilichowalipa waliokuwa na bima.

Uturuki ilijifunza kwa uchungu. Baada ya tetemeko la tarehe 17 Agosti 1999 ilianzisha bima ya lazima ya tetemeko kwa makazi, chini ya mfuko uitwao DASK. Bima ya kila fleti hugusa pia msingi, kuta kuu, ngazi, lifti, korido na paa la jengo lake. Anayeomba kuunganishiwa umeme au maji huulizwa kwanza hati ya bima hiyo. Kwa namna hiyo fungu la mmiliki katika maeneo ya pamoja hukingwa hata kama chama cha jengo kimelala.

Mapingamizi na mapendekezo

Pingamizi la kwanza ni gharama: kwamba kulazimisha bima kutawafukuza wanunuzi wa kipato cha kati. Jibu ni kwamba gharama ipo tayari. Imefichwa tu, nayo hujitokeza kwa mkupuo siku ya hasara. Mchango wa kila mwezi unabebeka, lakini kudaiwa milioni 5 kwa wiki moja hakubebeki. Pingamizi la pili ni kwamba tetemeko ni nadra. Kagera iko karibu na ukanda wa Bonde la Ufa la Magharibi, na aliyeiona Bukoba mwaka 2016 hahitaji kushawishiwa. Pwani nayo ina hatari zake za chumvi, mafuriko na moto. Pingamizi la tatu, kwamba sheria zilizopo zinatosha, lina ukweli nusu. Sheria zinakiwezesha chama kutenda. Hazihakikishi kwamba kimetenda.

Napendekeza mambo manne. Kwanza, mwendelezaji milki asiruhusiwe kukabidhi fleti ya kwanza kabla ya kuonyesha hati ya bima ya jengo zima na ya dhima, iliyolipiwa mwaka mmoja kwa jina la chama cha wamiliki. Hatua hii peke yake inaziba mwanya wa makabidhiano. Pili, kila chama kibandike mlangoni na kukituma kwa wanachama, kila mwaka, cheti kinachoonyesha kampuni iliyokikinga, kiwango cha kujenga upya, tarehe ya tathmini na tarehe ya kuisha, na kifungu cha tetemeko kitajwe kwa ndiyo au hapana. Tatu, kampuni za bima nchini ziunde mfuko wa pamoja wa majanga ya majengo. Mfano upo: mwaka 2023 kampuni za Tanzania ziliungana katika ushirika wa bima ya kilimo, hatua inayowahusu moja kwa moja wakulima wa kahawa wa Karagwe na Kyerwa. Kilichowezekana kwa mashamba kinawezekana kwa majengo. Nne, mnunuzi adai katiba ya chama, hesabu za mwaka uliopita, orodha ya madeni na hati ya bima kabla ya kulipa amana. Mwenye fleti asiyejua jina la mweka hazina wa jengo lake hajanunua ulinzi wowote.

Hitimisho

Maeneo ya pamoja ndiyo yanayolifanya jengo kuwa jengo. Fleti bila ngazi, maji na msingi ni vyumba visivyofikika. Kagera inaonyesha kuwa watu wenye kipato kidogo wanaweza kuendesha kwa vizazi utaratibu wa kubebana wenye kanuni kali na unaoheshimika. Tetemeko la 2016 linaonyesha mahali utaratibu huo unapoishia. Surfside inaonyesha kwamba bima isiyo na umoja haizuii maafa wala haitoshi kuyalipa. Kwa hiyo anayenunua fleti ya likizo, awe Mnyambo wa Karagwe aliye Muscat au Mjerumani aliye Paje, auchukulie mchango wa jengo kama mtu wa Kihanga anavyouchukulia mchango wa msiba: deni linalolipwa kabla ya kuhitajiwa. Watunga sheria nao wahakikishe kwamba mchango huo, ukishakusanywa, unavuka uzio wa jengo na kufika kwenye mfuko mpana wa kutosha kubeba siku ambayo wanachama wote wameumia.